Rangi za Kuazima

Anayeanza kutunga shairi hapewi bahari mpya. Hupewa ile walimoogelea waliomtangulia, akaonyeshwa vina na mizani, na beti zake za mwanzo zikinukia mkono wa mwalimu wake hakuna amwitaye mwizi. Sanaa za sindano hazikubahatika hivyo. Anayejifunza kushona, akiona jirani yake ameweka wekundu kando ya nili naye akatamani kufanya vivyo hivyo, hushikwa na haya: je, rangi hizi ni zangu au ni zake? Swali hili laonekana dogo. Lakini kipo kijiji kimoja nchini Marekani ambako liliishi kwa amani vizazi kadhaa, kisha likafika mahakamani. Na kwa kuwa sisi wa pwani tuna undugu wa kitambaa na nchi ile, historia yake yastahili kusimuliwa katika kurasa hizi.

Kijiji chenyewe ni Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama. Mto Alabama umekizunguka pande tatu, hata mtu wa visiwani angekielewa mara moja: kwenda mjini ni kwa pantoni, ama kwa njia ndefu ya kuzunguka. Mwaka 1816 Joseph Gee wa North Carolina alianzisha hapo shamba la pamba. Mwaka 1845 shamba likaangukia mikononi mwa Mark Pettway kwa sababu ya deni, naye mwaka uliofuata akahamia na watumwa wapatao mia moja, ambao safari hiyo yote waliitembea kwa miguu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 wengi walibaki palepale, wakilima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi, na jina la Pettway wakabaki nalo. Ndiyo maana msomaji atakutana na akina Pettway wengi humu, bila ya wote kuwa wa tumbo moja.

Katika miaka hiyohiyo majahazi makubwa ya Salem, Massachusetts, yalikuwa yakitia nanga Unguja. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na bidhaa kuu ya Wamarekani ilikuwa kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa ambacho wazee wetu walikiita merikani. Pamba ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, ikaja kuvaliwa na watumwa wa huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata njia ya pamba, merikani iliadimika hata katika maduka yetu. Na baada ya mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja, wanawake walioachwa huru waliiweka kando merikani na kaniki, wakajifunga kanga za rangi. Walikuwa wanafunzi wa rangi, nao waliazima mavazi ya waungwana bila kuomba radhi. Nani angethubutu kuwaambia kwamba nyekundu ile si yao?

Turudi mtoni. Mfarishi, kwa asiyeuzoea, ni tandiko la matabaka matatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa, yote yakishikwa na mishono ipenyayo upande hadi upande. (Kuunganisha vipande si ugeni kwetu, kanga yenyewe, kwa masimulizi yaliyozoeleka, ilizaliwa pale wanawake wa pwani walipoziunganisha leso zikawa nguo moja.) Huko Gee's Bend kazi iligawanyika kwa namna inayoihusu sana mada yetu. Viraka vya juu, yaani uchaguzi wa rangi, mwanamke aliviunganisha peke yake, nyumbani kwake. Kushona matabaka pamoja kulikuwa kazi ya kikundi, wanawake wameuzunguka mfarishi uliowambwa kwenye kiunzi cha mbao. Basi kila aliyekwenda kumsaidia jirani alikaa saa nyingi, sindano mkononi na uso umeinama, rangi za mwenziwe zikiwa shubiri mbili tu kutoka machoni pake. Asingeweza kutozisoma hata angetaka.

Wala hakuhitaji kungoja kualikwa. Baridi ikiisha mifarishi ilitolewa nje, ikaanikwa kwenye kamba na kwenye nyua, na mpita njia akajionea. Mary Lee Bendolph, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufundishwa na mama yake Aolar Mosely, ameeleza kwamba mawazo yake hutoka katika kutazama: banda la shamba, uwanja wa nyumba, nguo za watu waliokuja kanisani. Hapo hatofautishi baina ya rangi iliyotoka kwa mshonaji mwingine na rangi iliyotoka ukutani. Zote zimepita mbele ya jicho lake, na jicho ni lake.

Lakini tusiwapambe wanawake hawa kwa maneno matamu tukasahau njaa. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha wakulima wa Gee's Bend alifariki, na mjane wake akadai madeni yote kwa mkupuo. Watu wake walichukua vyakula, mifugo na majembe, wakaziacha familia mikono mitupu kuelekea majira ya baridi. Nyumba zilikuwa za magogo na udongo, kuta zimebandikwa magazeti kuzuia upepo. Mwaka 1937 mpiga picha wa serikali, Arthur Rothstein, alifika akazipiga picha nyumba hizo na watu wake. Katika hali hiyo rangi haichaguliwi dukani. Huchaguliwa katika suruali iliyochanika magotini, gunia la unga na gauni lililomkaa mtoto wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Bintiye, Arlonzia, alisimulia baadaye kwamba mama alizikusanya nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa mapenzi. Rangi za mfarishi ule ziliazimwa na jua na jasho la mtu mmoja, na hakuna mwanafunzi awezaye kuziiga.

Umbo zinaloliweza zaidi kinamama wa huko ni lile waliitalo paa la nyumba. Kiraka kimoja huwekwa katikati, kisha vipande virefu huongezwa ubavuni, kimoja baada ya kimoja, mraba ndani ya mraba, kana kwamba unalitazama paa kutoka mbinguni. Mtoto aweza kulijifunza kwa siku moja. Kwa sababu umbo ni rahisi na ni la wote, uzito wote unaangukia rangi: lini uigeuze, lini uirudie, lini uikate ghafla kwa kipande usichotarajiwa kukitia. Tuseme ni kama utenzi, ambao bahari yake kila mtu anayo na bado tenzi nzuri ni chache.

Annie E. Pettway, aliyezaliwa mwaka 1904, alimlea mjukuu wake Rita Mae na kumfundisha; Rita Mae akamzaa Louisiana, ambaye aliolewa na mwana wa Mary Lee Bendolph. Louisiana alihama kijijini, akafanya kazi mbali, na mifarishi akaiacha. Mwaka 2002 alikwenda Houston kuona maonyesho ambamo kazi za jamaa zake zilitundikwa katika jumba la sanaa. Njiani kurudi, kwa maelezo yake mwenyewe, mifarishi ilianza kumjia akilini, na alipofika nyumbani akaichora kwenye karatasi kabla ya kushika mkasi. Alikuwa mwenye umri wa miaka 42, naye akaanza upya kama mwanafunzi. Ukiitazama kazi yake utaliona paa la nyumba la mama na la bibi, lakini limevunjwa pembeni, kana kwamba mtu amelivuta kona. Aliazima, na kila mtu kijijini ajua aliazima kwa nani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa kodrai. Mwaka 1966, katika siku za kupigania haki ya kura, wanawake wa eneo lile pamoja na kasisi Francis X. Walter walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, kwa kuuza mifarishi mijini. Mwaka 1972 ushirika ukapata kandarasi ya kampuni ya Sears ya kushona foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye matuta kama shamba lililolimwa. Rangi zake hazikuchaguliwa na yeyote kijijini: dhahabu, kijani cha parachichi, chenza, na wekundu wa cheri. Ziliamuliwa na ofisi ya mbali kwa ajili ya nyumba za watu wengine. Foronya zilitakiwa zifanane. Aliyetia ubunifu katika foronya aliharibu kazi. Lakini mabaki hayakuwa na mwenyewe. Yalibebwa kwa mafungu yakaingia nyumba baada ya nyumba, hata kijiji kizima kikawa kinashona kwa rangi zilezile nne au tano.

Fikiri maana yake. Hapa kila mtu ameazima, na wote kwa mkopeshaji mmoja ambaye hata hakujua kuwa amekopesha. Kama uchaguzi wa rangi ndio roho ya mshonaji, mifarishi ya miaka ile ingekuwa mapacha. Haikuwa. Mmoja aliirundika dhahabu katikati akaizungushia kijani. Mwingine akaitawanya chenza vipande vyembamba kama cheche. Annie Mae Young, mwaka 1976, alichukua vipande vya kodrai vya rangi za moto akavisimamisha katikati, kisha akavizungushia buluu iliyopauka ya nguo za kazi. Mfarishi huo, ukiwa umetandazwa juu ya rundo la kuni, ulipigwa picha na Roland Freeman na kutolewa katika kitabu chake mwaka 1996. William Arnett, mkusanyaji wa sanaa, aliiona picha hiyo na mwaka 1998 akaenda kumtafuta mshonaji wake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Baada ya Houston maonyesho yalihamia jumba la Whitney, New York, mwishoni mwa mwaka 2002, na mhakiki wa gazeti kubwa la mji huo akawataja wanawake hawa pamoja na Matisse na Klee. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu za mifarishi kumi. Mazulia na vifaa vingine vya nyumbani vilitengenezwa kwa ruwaza zao. Mwaka 2007 Annie Mae Young, Loretta Pettway na Lucinda Pettway Franklin walimfungulia kesi Arnett na washirika wake, wakidai hawakupata haki yao. Walioshtakiwa walikana, na mwaka 2008 kesi ikamalizwa kwa mapatano ambayo masharti yake hayakutangazwa.

Wapo waliosema wakati ule kwamba wanawake hawa wana unafiki: wameazimana wao kwa wao miaka yote, leo wanalalamika wakiazimwa na wengine. Siafiki hata kidogo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani yenyewe haimpi mtu umiliki wa rangi. Inachokilinda ni mpangilio wenye ubunifu. Mwanafunzi aliyeona nyekundu kando ya nili kwenye kamba ya jirani ameondoka na rangi, si na mfarishi. Atakwenda kuzitafuta katika matambara yake, azikose, atie hudhurungi mahali pa nili, na kabla hajamaliza atakuwa ameshapotea njia ya jirani. Mashine ya kufuma zulia haipotei njia. Huchukua mpangilio mzima ulivyo na kuutoa mara elfu. Tena jirani aliyeazima leo kesho ataketi kwenye kiunzi cha aliyemwazima, amshonee matabaka yake.

Sisi tuna takhmisi, ambamo mtunzi huchukua mistari miwili ya mwingine na kuitangulizia mitatu yake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa maneno yanayonasibishwa na Liyongo, na hakuna aliyemdhania vibaya, maana mistari ya Liyongo imekaa mahali pake, inaonekana, na jina la mwenyewe liko kwenye anwani. Aibu ingekuwa kulifuta jina.

Biashara haijaacha kubisha hodi. Mwaka 2024 maduka ya Target yaliuza bidhaa zilizotokana na ruwaza za washonaji wa Gee's Bend. Majina yao yalitajwa safari hii, lakini malipo yalikuwa ya mkupuo, si kwa hesabu ya vilivyouzwa. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2021 baadhi yao wamekuwa wakiuza kazi zao wenyewe kwa njia ya intaneti.

Pantoni ya Gee's Bend, iliyoondolewa mwaka 1962 wakati weusi wa kijijini walipoanza kuvuka kwenda kudai kura, ilirejeshwa mwaka 2006. Na tangu mwaka 2022 pamekuwa na tamasha la mwezi Oktoba, ambapo mifarishi hutolewa na kuanikwa kama zamani, kwenye kamba, kandokando ya barabara, na yeyote apitaye anaruhusiwa kutazama kadiri apendavyo.