Moto wa Injini na Tahadhari ya Wasafiri wa Kombi

Katika mwaka wa 1947 Ben Pon, tajiri wa Kiholanzi aliyeingiza magari ya Volkswagen nchini mwake, alichora katika daftari lake gari la umbo la sanduku, dereva ameketi mbele kabisa na injini imewekwa nyuma kabisa. Na gari hilo, ambalo sisi wa Afrika Mashariki tumelizoea kwa jina la Kombi, likaanza kuundwa Wolfsburg, Ujerumani, mwezi wa Machi 1950. Mwaka uliofuata karakana ya Westfalia, katika mji wa Wiedenbrück, ilianza kulitia makabati, meza na kiti cha kukunjuliwa kuwa kitanda, hata watu wa kipato cha kadiri wakaweza kusafiri, kupika na kulala humo bila ya kuhitaji nyumba ya wageni.

Raha hiyo haikukosa hatari yake. Injini ilipozwa kwa upepo wa feni, na kasha lake lilisubiwa kwa aloi ya magnesi, madini mepesi mno, ili uzito usilemee nyuma ya gari. Juu yake ilikaa kabureta, kando yake distribyuta yenye cheche, na juu ya yote hayo palitandikwa godoro. Petroli ilifika kwa mpira mwembamba kuliko kidole, uliovikwa uzi wa pamba uliofumwa, na vazi hilo ndilo lililowahadaa wengi, kwani mpira ulikauka na kupasuka chini yake, aghalabu pale unapobanwa na klipu, huku jicho likiuona mzima. Petroli ikidondokea chuma cha moto au ikikutana na cheche, moto huwaka nyuma ya kisogo cha dereva, naye huenda asipate habari mpaka auone moshi katika kioo. Magnesi nayo ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji huizidishia ghadhabu, maana huyavunja maji yenyewe na kutoa haidrojeni.

Silaha za kupambana na msiba huo zilibadilika zama baada ya zama. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wenye magari walichukua bomba dogo la shaba nyeupe, lililoenezwa na kampuni ya Pyrene ya Marekani, ambalo kwa kusukumwa kwa mkono lilirusha kaboni tetrakloridi. Lakini dawa hiyo ilikuwa sumu, na ilipogusa moto iliweza kutoa fosjini, gesi ile ile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza, jambo la kuogofya ndani ya gari lenye watoto waliolala. Ikafuata mitungi ya unga mkavu, kisha ya haloni, iliyosifiwa kwa kutoacha uchafu, mpaka Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoiwekea mipaka kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na nchi tajiri zikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 1994.

Hata hivyo, mafundi wenye busara hawakuuwekea mtungi tumaini lao lote. Wao waliifanya kuwa ada kubadili mipira yote ya mafuta kabla haijazeeka, kukaza klipu, na kuliondoa chujio la petroli juu ya injini. Mtungi waliufunga karibu na mlango, mahali mkono unapofika bila ya kuvuka moshi, na abiria wakafunzwa utaratibu mmoja: gari lisimamishwe, swichi izimwe, watu wote watoke kwanza, ndipo moto ulio mdogo upigwe unga kwenye shina lake, bali ukiwa umekua, gari liachwe liteketee.

Kombi ya mwisho iliundwa Brazili mwaka 2013, kwa hiyo kila iliyobaki barabarani inazidi kuzeeka, na baadhi ya mipira yake ya kale haikukusudiwa petroli ya leo iliyochanganywa ethanoli. Tahadhari kabla ya athari: ewe uliye na gari la namna hii, kabla ya safari yako ijayo funua injini, upinde kila mpira kwa vidole vyako, na ule utakaoonyesha ufa au kutoa harufu ya petroli uutupe siku hiyo hiyo.