Nembo ni ya Nani?

Mwaka jana akina mama wa chama kimoja hapa Khayega waliniletea kazi ya haraka. Walitaka karatasi za barua za kuomba mchango, na juu kabisa, katikati, wakataka nembo ya Kaunti ya Kakamega. Mimi hufanya kazi ndogo ndogo za kompyuta kwenye kibanda cha fotokopi, karibu na njia panda ya kwenda Shinyalu. Nikawauliza, "Kwani nyinyi ni ofisi ya kaunti?"

Mwekahazina wao, ambaye mimi humwita Senje, alinitazama kama mtoto aliyeuliza ujinga. "Na kaunti ni ya nani, mwanangu? Si ni yetu?"

Nilikataa ile kazi, wakaenda kwingine wakiwa wamenuna, nami nikabaki na swali la Senje. Kama nembo ni yetu, mbona hatuwezi kuitumia? Nilipoanza kusoma nikaona kwamba swali hili ni la zamani kuliko kaunti, na ni la zamani kuliko Kenya yenyewe. Tena limewahi kuulizwa hapa hapa kwetu.

Mwishoni mwa 1889, Mwingereza Frederick Jackson alifika kwa Nabongo Mumia, mji tunaouita leo Mumias. Alikuja kwa niaba ya Imperial British East Africa Company, kampuni iliyokuwa imepewa hati ya kifalme mwaka mmoja tu nyuma. Safari kama zile zilibeba ushanga na vitambaa, zikabeba pia bendera, kwa sababu kiongozi aliyekubali kuipandisha alihesabiwa kuwa ameingia chini ya ulinzi wa mwenye bendera. Jackson alipoelekea kaskazini, mwanzoni mwa 1890 akatokea Mjerumani Carl Peters. Huyo alipandisha bendera ya Ujerumani kwa Sakwa, mtawala jirani. Alipofika kwa Mumia akafungua barua za Jackson na kuzisoma, akajua mambo ya Buganda, akakimbilia huko kufanya mkataba na Kabaka Mwanga.

Halafu tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana huko Ulaya nani achukue wapi. Bendera ya Peters ikawa kitambaa tu. Hakuna mtu wa Wanga aliyeitwa kwenye meza hiyo. Nafikiri hapo ndipo babu zetu walipoanza kujifunza somo la alama za serikali: unapewa uipandishe, lakini wa kuamua itakaa siku ngapi ni mtu mwingine.

Pwani somo hilo lilikuwa na sura nyingine. Kwa mkataba wa 1895, Waingereza walichukua utawala wa ukanda wa pwani wa maili kumi, ila kwa karatasi ukanda ule ukabaki mali ya Sultani wa Zanzibar. Ndiyo maana nchi ikaitwa majina mawili, Koloni na Himaya ya Kenya. Juu ya Fort Jesus pale Mombasa bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, huku chini yake ngome ikitumiwa na Waingereza kama gereza. Anayefunga na kufungua milango ni mmoja, mwenye bendera ni mwingine. Hali hiyo ilidumu hadi makubaliano ya Oktoba 1963, Sultani alipokubali ukanda uingie Kenya huru. Miezi mitatu baadaye, Januari 1964, mapinduzi yakamwondoa Sultani Zanzibar kwenyewe.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, tulipata bendera yetu. Kisoi Munyao aliipeleka hadi juu ya Mlima Kenya, na picha ile kila mtoto wa shule ameiona. Kitu ambacho hatuonyeshwi shuleni ni kwamba sheria ya kuilinda ilikuja na bendera yenyewe. Sheria ya Bendera ya Taifa, Nembo na Majina, ambayo mawakili huiita Sura ya 99, ilikataza mtu kutumia nembo na majina fulani kwa biashara au kazi yake bila kibali cha maandishi kutoka kwa waziri. Ikafanya pia kuzidharau kuwa kosa.

Sasa angalia nembo yenyewe ya taifa. Simba wawili wameshika ngao, na katikati ya ngao kuna jogoo mweupe ameshika shoka. Jogoo ndiye alama ya KANU. Kwa hiyo kwa karibu miaka arobaini chama tawala kilikuwa na ndege wake kwenye kila barua ya serikali, wakati mwananchi wa kawaida akihitaji kibali kuiweka nembo hiyo hiyo kwenye duka lake. KANU ilishindwa uchaguzi wa 2002. Jogoo akabaki pale pale, na Katiba ya 2010 ikamhifadhi kwenye Jedwali la Pili pamoja na bendera, wimbo wa taifa na muhuri.

Katiba hiyo ndiyo iliyotuletea kaunti 47, na hapa mambo yakabadilika kidogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 4, inasema kila kaunti iwe na bendera yake, nembo yake na muhuri wake. Inasema zitengenezwe kwa kushauriana na watu, bunge la kaunti lizipitishe kwa sheria, tena zisifanane na zile za taifa. Soma tena hapo kwa kushauriana na watu. Jackson hakumwuliza mtu wa Wanga bendera iwe ya rangi gani. Mwaka wa 1963 waliochagua rangi walikuwa viongozi. Sasa sheria ilikuwa inasema Senje aulizwe.

Ila ugomvi uliosikika zaidi miaka ile ulikuwa wa magari. Magavana wa kwanza waliingia ofisini 2013, na wengi wakaweka bendera ya taifa mbele ya gari. Mwaka wa 2014 Sura ya 99 ikarekebishwa. Ruhusa ya kupeperusha bendera ya taifa kwenye gari ikabaki kwa Rais, Naibu Rais, Jaji Mkuu na maspika wawili wa Bunge. Magavana walilalamika sana. Wakubwa waligombania kijiti cha bendera kwenye boneti, kwa sababu wanajua kitu ambacho Senje pia anajua: alama inakufungulia njia hata kabla hujasema neno.

Na hiyo ndiyo iliyonifanya nibadili mawazo yangu kuhusu swali lake.

Miezi michache baada ya ile kazi niliyoikataa, alipita jamaa fulani sokoni akiwa na fomu za basari. Juu ya fomu kulikuwa na nembo ya kaunti, safi, rangi zote. Alikuwa anakusanya shilingi mia mbili mbili za "usajili". Watu walilipa. Senje alilipia wajukuu wawili. Simu ya yule jamaa haijawahi kupatikana tena. Nilipoiona ile fomu nilijua imetengenezwa kwenye kompyuta kama yangu, labda kwa dakika kumi.

Kwa hiyo kweli, nembo ni yetu. Lakini ni yetu kama maji ya kisima cha kijiji yalivyo yetu. Kila mtu ana haki nayo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeruhusiwa kuosha miguu ndani. Senje alitaka nembo ili barua yake iaminiwe, na tapeli aliitaka kwa sababu hiyo hiyo. Makatazo yaliyoanza kwa kumlinda mwenye kampuni, kisha mwenye chama, yanaweza leo kumlinda mwenye mia mbili. Hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya niyaheshimu.

Lakini si kila alama hulindwa kwa makatazo. Mwaka ule ule wa 2014, wakati magavana wanalalamikia bendera, UNESCO iliiweka isikuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, zinazopigwa mtoto akizaliwa, watu wakioana, mtu akizikwa. Ukitaka kuwajulisha watu kwamba wewe ni wa huku, isikuti inasema haraka kuliko muhuri wowote. Hakuna sheria iliyowahi kumkataza mtu kuitumia. Hatari yake ni kinyume cha ile ya nembo: yenyewe inakufa isipotumiwa.

Mwezi uliopita wale akina mama walirudi. Safari hii hawakutaja kaunti. Nikawachorea ngoma tatu, jina la chama likazunguka kwa chini, na nambari ya cheti cha usajili wao ili anayetaka kuhakikisha ahakikishe. Senje aliishika karatasi, akaisogeza mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya.

"Na hii ikichukuliwa na mwizi?"

Nikamwambia tuandike kwenye kitabu cha chama ni nani anaruhusiwa kuitumia, na kwa kazi gani. Akaniomba kalamu.