Kasi, Nguvu na Mwendo wa Polepole katika Mafunzo ya Sanaa za Mapigano za Kichina

Utangulizi

Pigo la ulingoni halina budi kuwa la haraka na zito. Hata hivyo, shule nyingi za mapigano za Kichina huanza kumfunza mwanafunzi kwa kumsimamisha kimya au kumsogeza taratibu mno. Wengi wetu Afrika Mashariki tulizifahamu sanaa hizi kupitia filamu za Bruce Lee, ambamo ngumi huruka upesi kuliko jicho. Tuna haki ya kuuliza mwendo huo wa polepole unajenga kasi kwa njia gani. Makala hii inatetea hoja moja: mazoezi ya polepole ni hatua ya lazima katika kujenga kasi na nguvu, lakini ni hatua ya kwanza tu. Yakitengwa na hatua zinazoyafuata, hayazai mpiganaji.

Pigo kwa jicho la fizikia

Fizikia ya sekondari inafundisha kwamba nishati mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara 2, nishati huongezeka mara 4. Tungamo ikiongezeka mara 2, nishati huongezeka mara 2 tu. Ndiyo maana wanafunzi wengi hukimbilia kasi ya mkono. Tatizo ni kwamba mkono peke yake ni mwepesi: ngumi iliyorushwa kwa bega hufika upesi, lakini nyuma yake hakuna mwili. Isitoshe, msuli una kikomo chake. Mwaka 1938 mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, alionyesha kwa misuli ya chura kwamba kadiri msuli unavyojikaza kwa kasi ndivyo kani yake inavyopungua. Msuli mmoja hauwezi kutoa kasi ya juu kabisa na kani ya juu kabisa kwa wakati mmoja.

Njia ya kulitatua hilo ni kugawana kazi. Miguu na nyonga, zenye misuli mikubwa, huanzisha mwendo; kiuno huupokea na kuuelekeza; bega, kiwiko na ngumi huumalizia. Walimu wa Kichina hutenganisha nguvu ghafi ya misuli, li, na nguvu iliyofunzwa, jin, inayopita katika mwili mzima. Kuitoa kwa ghafla ndiyo fajin. Sharti jingine ni kulegea. Anayekaza mkono mzima kabla ya kupiga huifanya misuli inayokunja kiwiko ivutane na ile inayokinyoosha, na ngumi ikachelewa. Kupanga viungo kwa zamu na kulegeza kisichohitajika ni ustadi wa kujifunza, na ustadi huo haupatikani kwa kutunisha misuli.

Mfano wa Chenjiagou

Katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, kinachohesabiwa kuwa chimbuko la sanaa ya taijiquan, mtindo wa Chen una mifululizo miwili mikuu ya mapigo. Wa kwanza, Yilu, hufanywa kwa sehemu kubwa polepole, ukikatizwa na milipuko michache ya nguvu. Wa pili, Erlu, uitwao pia Paochui, yaani ngumi ya mzinga, umejaa miruko, mikanyago na mapigo ya ghafla. Kwa desturi, mwanafunzi haingii wa pili kabla hajaushika wa kwanza.

Tulitazame pigo moja, yanshou gongquan. Mpigaji amekunja magoti, uzito uko mguu wa kulia, mkono wa kushoto umetangulia, ngumi ya kulia imejificha karibu na kifua. Mguu wa kulia unasukuma ardhi, nyonga inageuka kushoto, uzito unahamia mguu wa pili. Kiwiko cha kushoto kinarudi nyuma papo hapo ngumi ya kulia inapotoka ikijizungusha. Pigo likishafika, mwili unalegea tena. Anayeanza akilifanya kwa kasi, makosa yake hayaonekani: bega lililoinuka, goti lililoingia ndani, ngumi iliyoitangulia nyonga. Akilifanya polepole, kila kosa hujitokeza, na mwalimu huweza kuweka kiganja begani mwake akalishusha. Thamani ya mwendo wa polepole iko hapo: unatoa nafasi ya kusahihisha kabla kosa halijawa mazoea.

Kusini mwa China hali haitofautiani sana. Wing Chun, ambayo Bruce Lee alijifunza kwa Ip Man huko Hong Kong, huanza na Siu Nim Tau, mfululizo unaofanywa bila kupiga hatua na kwa utulivu mkubwa katika sehemu yake ya mwanzo. Mwaka 1964, huko Long Beach, California, Lee alionyesha ngumi ya inchi moja, na aliyepigwa akatupwa kwenye kiti kilichokuwa nyuma yake. Umbali huo hautoshi mkono kujipatia kasi peke yake. Ngumi ile ilihitaji mchango wa miguu na nyonga, uliopangwa kwa usahihi.

Hatua zilipotengana

Yang Luchan alijifunza taijiquan huko Chenjiagou, kisha akaifundisha sanaa hiyo Beijing katika karne ya 19. Mjukuu wake, Yang Chengfu (1883–1936), aliusawazisha mwendo na kuondoa miruko na milipuko, ikawafaa watu wa rika zote. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24 kwa ajili ya umma. Faida yake kwa afya si ya kubezwa. Lakini kilichoenea duniani ni hatua ya kwanza, na wengi wakaichukulia kuwa safari nzima.

Wapinzani wa mazoezi ya polepole wanao ushahidi wao. Aprili 2017, huko Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mseto, alimwangusha mwalimu mmoja wa taijiquan kwa sekunde chache. Wanasema: pambano ni la kasi, basi mazoezi yawe ya kasi. Nakubaliana nao kwa sehemu. Mwili hujifunza kile unachokizoea; anayesogea taratibu miaka yote hawezi kuupima wakati wa ngumi inayomjia. Lakini haifuati kwamba mazoezi ya polepole hayana maana. Qi Jiguang, jenerali wa enzi ya Ming aliyepambana na maharamia wa pwani katika karne ya 16, aliyaweka mapigo 32 ya mikono mitupu katika kitabu chake cha kijeshi kwa sababu yanaufunza mwili na viungo, ingawa alijua hayaamui vita. Jenerali huyohuyo alisisitiza kwamba aliyeipata sanaa lazima aijaribu kwa mpinzani. Mambo hayo mawili hayakugombana kwake, na hayana sababu ya kugombana kwetu.

Hitimisho

Mpangilio unaofaa basi uko wazi: mwendo wa polepole wa kuunganisha viungo, fajin ya kuutoa muungano huo kwa ghafla, tuishou, yaani kusukumana mikono na mwenzako, na hatimaye sanda, pambano la glavu dhidi ya mtu anayepinga kweli. Mwalimu anayeruka hatua ya kwanza huzalisha mikono myepesi isiyo na mwili nyuma yake. Anayeishia hatua ya kwanza anafundisha afya, na afya ni jambo jema. Ila asiwaahidi wanafunzi wake kwamba wataweza kujilinda.