Ngano ya Basotu na Historia ya Mkate wa Sikukuu

Katika nchi zilizokulia kwenye ngano, mkate uliokauka hautupwi: hukatwa vipande vidogo, ukachanganywa na vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi, majani yenye harufu nzuri, supu ya kuku na matunda makavu kama zabibu, kisha ukaokwa katika trei hadi juu ukawa mkavu wa rangi ya kahawia, ukaliwa pamoja na nyama ya sikukuu. Zamani mchanganyiko huo ulijazwa ndani ya bata au batamzinga. Siku hizi wapishi wengi huuoka pembeni, kwa kuwa mkate uliomo ndani ya ndege hunyonya majimaji ya nyama mbichi, na usipofikia nyuzi joto 74 za Selsiasi huweza kuleta maradhi. Kanada ni mojawapo ya nchi ambako chakula hiki huandaliwa wakati wa Krismasi na sikukuu ya mavuno ya Oktoba, na ndiyo nchi iliyotoa wataalamu, mitambo na fedha za kilimo kikubwa cha ngano wilayani Hanang, nchini Tanzania.

Kabla ya hapo, Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu waliishi kwa mtama, ulezi na, baadaye, mahindi, ilhali Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walitegemea zaidi mifugo yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi ya wakulima wa Kiiraqw katika eneo la Mbulumbulu, ambalo leo limo wilayani Karatu, walianza kulima ngano kwa matrekta, lakini waliilima kwa ajili ya soko kuliko kwa ajili ya chungu cha nyumbani.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika tambarare za Basotu, zenye udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Shirika la umma la kilimo na chakula, lililojulikana kwa kifupi kama NAFCO, lilianzishwa mwaka 1969, na kwa msaada wa Kanada uliodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 likafungua mashamba saba, yakiwamo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, katika eneo linalokadiriwa kufikia ekari 100,000. Nia ya serikali ilikuwa kupunguza ngano iliyoagizwa kutoka nje, kwa hiyo nafaka iliyovunwa chini ya Mlima Hanang ililenga kwanza vinu na viwanda vya mikate vya mijini.

Vijijini, unga wa ngano ulipata nafasi yake katika sikukuu kwa sura ya maandazi na chapati kuliko mkate wa kuoka, jambo linaloeleweka mahali ambapo moto ni wa kuni au mkaa. Hata hivyo chakula cha mkate na matunda hakidai jiko la umeme: sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko huoka vizuri, vitunguu saumu ni zao linaloipa Mbulu sifa, na zabibu hulimwa Dodoma.

Gharama ya ngano hiyo waliibeba Wabarabaig. Tambarare zilizolimwa zilikuwa malisho bora katika mzunguko wao wa kuhamisha ng'ombe kwa misimu, na kuzipoteza kulisukuma mifugo kwenye ardhi dhaifu zaidi. Trekta zilipita pia juu ya baadhi ya bung'eda, yaani vichuguu vya makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima kubwa. Huo ulikuwa uchungu ambao hesabu ya magunia haikuweza kuupima. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO wakashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, miongoni mwa hoja zake ikiwa kwamba baraza la kijiji halikuthibitisha kuwa liligawiwa ardhi hiyo kisheria. Shauri hilo lingali linasomwa na wanafunzi wa sheria ya ardhi nchini. Baada ya shirika kuachana na kilimo, baadhi ya mashamba yaligawiwa wananchi na mengine yakaingia mikononi mwa wawekezaji, na ngano bado hulimwa Hanang.