Ndege ya Mboya na Mkopo Wangu

Nyumbani kwetu ukilalamika juu ya karo, baba anakujibu kwa hadithi ya ndege ya Mboya. Wazee waliuza ng'ombe, vijana wakapanda ndege kwenda Marekani, wakarudi wakawa wakubwa. Basi na wewe soma! Muhula huu nimeifuatilia hadithi hiyo maktabani kwa ajili ya somo la historia, na nimeona baba anaruka vipande viwili.

Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado koloni. Kijana aliyetaka digrii bila kuvuka bahari alitegemea Makerere, Uganda, na nafasi zilikuwa chache sana. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizunguka Marekani akapata vyuo vilivyokuwa tayari kuwafadhili Wakenya. Tatizo likabaki nauli. Huku Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuchangisha pesa. Kule Kenya familia na vijiji vilichanga, na wengine kweli waliuza mifugo. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wameshasafirishwa.

Kipande cha kwanza anachoruka baba ni nani aliyelipa. Kijana aliyechangiwa na kijiji alirudi na deni la watu: karo za wadogo zake, matibabu ya wazee, mabati ya nyumba ya mama. Sisemi deni hilo ni jepesi (baba mwenyewe hutuma pesa nyumbani kila mwezi, na hakuna aliyempandisha ndege). Lakini halina riba. Langu linayo, na jina lililoandikwa pale ni langu peke yangu.

Cha pili ni wakati. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, kazi zilizoshikwa na Waingereza serikalini zilihitaji Wakenya, na wenye digrii walikuwa wachache. Wakoloni walikuwa wakizidharau digrii za Marekani, lakini viti vilikuwa wazi, vikajazwa. Nchi haipati uhuru kila baada ya miaka minne ili wahitimu wapya wapate viti.

Na hata wakati ule mlango haukumfungukia kila mtu. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, akapata digrii ya biolojia Kansas mwaka 1964, kisha ya uzamili Pittsburgh. Alirudi Nairobi mwaka 1966 akiwa na ahadi ya kazi chuo kikuu, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini sababu ilikuwa kabila lake na kwamba ni mwanamke. Aliyemwajiri baadaye ni profesa Mjerumani wa anatomia ya mifugo, aliyehitaji mtu anayejua kuandaa tishu za kutazamwa kwa darubini. Ujuzi huo Maathai aliupata Pittsburgh. Baba humtaja kila mara kwa sababu ya Nobel ya 2004, lakini hii miezi ya kutafuta kazi haitaji.

Nayaandika haya kwa sababu mdogo wangu anamaliza shule mwaka huu. Amekubaliwa na chuo cha binafsi chenye jina kubwa, kwa mkopo, na pia chuo cha miaka miwili karibu na nyumbani ambako atasoma karibu bila deni, kisha ahamie chuo kikuu. Baba anataka kile chenye jina. Mimi nimemwambia mdogo wangu aulize kila chuo wanafunzi wanatoka wakijua kufanya nini hasa.

Baba alisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza: "Huyo Maathai, chuo chake cha Kansas kilikuwa kikubwa?"

Nikamwambia hapana, kilikuwa chuo kidogo cha masista, katika mji wa Atchison. Hajanijibu mpaka leo.