Wazee wa Baraza na Kura Waliyonyimwa

Baraza, katika maana yake ya zamani, ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba ya Mswahili wa pwani, mahali ambapo wanaume huketi kuzungumza na kusuluhisha magomvi, na ndiyo sababu watu wa kawaida walioitwa na serikali ya kikoloni kuketi kando ya jaji walipewa jina la wazee wa baraza. Jina lilikuwa la wenyeji. Utaratibu haukuwa wao. Asili yake ni India, ambako kanuni iliyotungwa Bengal mwaka 1832 iliwaruhusu majaji wa Kiingereza kuwatumia raia wa huko kama washauri, na sheria ya India ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1898 ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki, hadi Tanganyika ilipotunga ya kwake mwaka 1930.

Mzee wa baraza hakuwa sawa na mjumbe wa juri, yaani kundi la raia ambalo lenyewe huamua kama mshtakiwa ana hatia. Yeye alisikiliza ushahidi, akauliza maswali ya kufafanua, kisha akatoa maoni yake kwa mdomo, ambayo jaji hakulazimika kuyafuata. Nchini Kenya tofauti hiyo ilifuata rangi ya ngozi, kwa kuwa Mzungu alikuwa na haki ya juri ya Wazungu wenzake. Mwingereza Jock Delves Broughton, aliyeshtakiwa Nairobi kwa mauaji ya Lord Erroll, aliachiwa huru na juri ya namna hiyo mwaka 1941. Lakini Novemba 1956, mjini Nyeri, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa kifo na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, aliyeketi na wazee wa baraza Waafrika. Wako waliowaita watu hao juri, na kosa hilo si dogo hata kidogo, kwa maana linawatwisha wazee uamuzi ambao kisheria ulikuwa wa jaji peke yake.

Baada ya uhuru wazee walibaki katika Mahakama Kuu za Kenya na Tanzania. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Tanzania, ambako sheria iliwataka wawe na umri wa kati ya miaka 21 na 60, hata kijana naye akaweza kuwa mzee, ilidumu nao zaidi, ingawa Mahakama ya Rufani ilibatilisha kesi nyingi kwa sababu jaji hakuwafafanulia hoja za sheria kabla ya kuwaomba maoni, au aliwaacha wawahoji mashahidi kama mawakili. Mwaka 2022 kuwaita kukawa hiari ya mahakama.

Lakini heshima yao ya kweli ilikuwa chini kabisa ya ngazi za mahakama, mahali ambapo wanahistoria hawajapatazama vya kutosha. Nchini Tanzania, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilimweka hakimu wa mahakama ya mwanzo pamoja na wazee wasiopungua wawili, na walipotofautiana, iwe juu ya hatia, dhamana, adhabu au fidia, jambo liliamuliwa kwa wingi wa kura. Wazee wawili wakikubaliana, neno lao lilikuwa hukumu ya mahakama, hata kama hakimu aliona vinginevyo.