Kioo cha mashine ya zamani ya michezo: namna kinatengenezwa, na pahali kinaua

Mtu akifungua nyuma ya mashine ya Pac-Man, anakuta televizyo ya bomba, ile ya mgongo mkubwa, lakini haina antena wala sauti. Mchezo ulitoka kwa Namco ya Japani mwaka 1980, na kule Marekani mashine zake zilitengenezwa na Midway. Nyingi ziliwekwa kioo G07 cha Electrohome, kampuni ya Kanada, ama K4600 cha Wells-Gardner. Vimepita miaka 40, na wenye kuvipenda bado wanavitengeneza. Fundi anayejua televizyo ya bomba hapa kwetu hatapotea mule ndani.

Kwanza hatari. Bomba linabeba volti karibu 20.000, na linaweza kuzishika hata kama prizi imetolewa. Njo maana fundi anatoa saa na pete, anafunga waya kwa chuma cha turnevisi yenye mkono wa plastiki, upande mwingine anaufunga kwa ile waya ya kusuka inayozunguka mgongo wa bomba. Kiisha anaingiza ncha ya turnevisi polepole chini ya kofia ya mpira, mkono mwingine ukiwa mbali. Itapiga kidogo. Anarudilia nyuma ya dakika chache, juu bomba linaweza kujijaza tena kidogo. Kondansateri kubwa ya umeme nayo inashika volti zaidi ya 100, isisahauliwe. Shingo la bomba ni kioo chembamba sana: likivunjika, bomba limekufa.

Kuna mtego mwingine. G07 haijitenganishi na umeme wa nyumba, inahitaji transfo ya kutenganisha, na mule ndani ya mashine inakuwamo. Fundi akitoa kioo na kukijaribu kwa meza bila hiyo transfo, chuma chote kinaweza kuwa na umeme. Tena mashine ya Marekani ni ya volti 120. Kwa 220 inaungua. Transfo nyingi za kushusha za sokoni zinapunguza volti tu, hazitenganishi. Watu wanazichanganya hizo mbili, na kosa hilo ni baya kuliko yote.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kama kioo kiko na mstari mmoja tu wa kulala katikati, upande wa kupandisha picha umekufa: mara nyingi suduru imepasuka, kondansateri imekauka ama transista imeungua. Mwanga upunguzwe haraka, juu mstari ule unachoma kioo. Picha ikicheza mawimbi pembeni, kondansateri kubwa ya umeme inashukiwa. Rangi moja ikikosa, waya na suduru za kadi ndogo ya shingoni zitazamwe mbele ya kununua kitu.

Fizibule ikikatika kila mara, kuweka kubwa zaidi ni ujinga. Transista kubwa ya mlalo ipimwe kwa multimetri, pamoja na diode za umeme. Lakini kwa G07, mwuaji wa hiyo transista mara nyingi ni transfo ya volti kubwa, ile inayoshika kofia ya mpira. Fundi anayebadilisha transista peke yake ataungua nyingine siku ileile.

Kondansateri za kimiminiko zinabadilishwa zote pamoja, kwa vile zimezeeka pamoja. Alama ya kutoa iheshimiwe, kipimo kiwe kilekile, volti zake sawa ama kupita, na zile za digrii 105 zinadumu zaidi.

Mbele ya kurudisha mashine kwa wachezaji, umeme wa ndani unapimwa: kwa G07 ni volti 120. Ikipita hapo, volti za bomba nazo zinapanda, na bomba linaweza kutoa miale ya X. Ile picha ya vijia vya Pac-Man iliyobaki imechorwa kwa kioo hata mashine ikizimwa, hakuna suduru itakayoifuta. Dawa yake ni bomba lingine.